Daktari Aliniambia Nitazeeka

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, na lile goti la kushoto limetulia baada ya mvua. Ng'ombe amezaa? Kaka Aminieli aliniambia alikuwa karibu. Na kikohozi cha asubuhi kimekuachia? Huku joto limeanza kupungua, mchana kuna upepo kidogo, na mimi mwanao ni mzima. Najua neno hilo katika nyumba yetu halijawahi kutumika kwangu kirahisi, na ndiyo sababu ya kuandika. Mambo yenyewe ni marefu. Kwenye simu ningeanza kulia kabla sijafika katikati, nawe ungeanza kuomba, tusingeelewana. Barua anakuletea binti wa mama mdogo anayepanda basi kesho. Isome polepole. Kama macho yanakusumbua akusomee Aminieli, sina la kumficha.

Hujawahi kufika ninapofanyia kazi, kwa hiyo nikuoneshe kwanza. Ni ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitambaa. Tuko wawili. Mimi nakata na kushona mapazia, na dada Hadija, mtu wa Newala, anapiga pindo na kutia marinda. Mapazia yakiisha tunayatundika kwenye waya uliovutwa kutoka ukuta huu hadi ule, ili mikunjo ishuke. Jua la saa nne likiingia, chumba chote kinageuka rangi ya kitambaa cha siku hiyo. Kuna siku tunashinda ndani ya maziwa, kuna siku tunashinda ndani ya papai. Chini Kariakoo inapiga kelele zake, spika za wauza viatu, wasukuma mikokoteni wanaoomba njia, lakini sauti ikifika kwetu imeshalainika, kama unavyosikia watu ukiwa umezamisha masikio kwenye maji. Nimekaa humo miaka kumi na moja. Nilidhani napapenda kwa sababu ya kazi. Siku hizi naona napapenda kwa sababu humo mtu anaweza kuwepo bila kuonekana yupo.

Kuanzia baada ya Pasaka nilianza kupotea, mama. Sijui niite nini kingine. Nilikuwa naamka, nanawa, naenda kazini, nakaa kwenye cherehani, halafu nikitazama saa naona ni alasiri na sindano iko palepale nilipoiacha. Sikuwa na maumivu. Sikuwa na huzuni ya kitu fulani. Ilikuwa kama ukungu wa kwetu ule wa Julai, unaposhuka mpaka migombani na huoni hata banda. Hata chakula kilipoteza ladha. Watu wakinisalimia nilijibu, lakini jibu lilitoka mbali, kana kwamba aliyejibu amesimama nyuma yangu.

Nikawaza ni moyo. Kwetu kila kitu changu kilikuwa moyo, kwa hiyo mimi pia sikuwa na jina lingine la kukipa.

Kisha nikaharibu kazi. Kuna mama mmoja wa Upanga, mteja wetu wa siku nyingi, alileta kitambaa cha sebule yake. Nilipima mwenyewe, nikaandika mwenyewe, nikakata. Tulipoyatundika mapazia kwake yalining'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtu aliyerefuka ghafla. Nilitegemea anigombeze. Akanitazama usoni, akaniuliza, "Fundi, wewe unaumwa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi mwambie dada yako akuangalie." Alidhani Hadija ni dada yangu.

Tuliporudi, Hadija hakukaa kwenye kiti chake. Alisimama mbele yangu na mapazia yale mikononi.

"Kaka Eli, siku hizi unakaa kama abiria aliyeshuka stendi akasahau anaenda kwa nani."

"Nimechoka tu."

"Umechoka tangu Pasaka? Twende hospitali."

"Ni moyo huu, Hadija. Mimi naujua."

"Kama ni moyo si ndiyo twende?"

Hapo ikabidi nimwambie ambalo hata wewe sijakwambia. Nilikuwa sijaenda kliniki ya moyo kwa miaka mitatu. Ulipokuwa ukiniuliza kama nimekwenda nilikuwa nakujibu nimekwenda. Nisamehe kwa hilo. Sikuacha kwa kuogopa wasije wakaniambia nitakufa. Hilo nilidhani nalijua tangu utotoni, nimelizoea kama mtu anavyozoea kelele za jirani. Niliacha kwa sababu nilikuwa nimeshapita umri wote niliousikia ukitajwa, na sikutaka mtu aniulize naenda wapi sasa.

Hadija alinipeleka. Tulipanga foleni tangu asubuhi, akaninunulia chai, akakaa nami kama ndugu. Nilipoitwa kwenye kipimo, kile wanachokupaka jeli baridi kifuani halafu moyo unaonekana kwenye skrini, nilifumba macho. Daktari alikuwa kijana, pengine namzidi miaka kumi. Alizungusha kile kifaa kifuani muda mrefu. Nilisikia mlio wa damu yangu mwenyewe, unavuma na kukatika, unavuma na kukatika, nikawa karibu kusinzia.

"Nani alikufanyia upasuaji huu?" akauliza.

"Jina lake silikumbuki. Nilikuwa na miaka tisa, nilipelekwa ng'ambo kwa msaada wa kanisa. Nakumbuka mikono yake ilikuwa ya baridi."

"Alifanya kazi safi sana. Kuna vali moja inavuja kidogo. Hiyo tutaiangalia kila mwaka, na huenda siku moja ikahitaji kubadilishwa, lakini siyo leo. Usiache kliniki tena." Akafuta jeli kwenye kifaa chake, akatabasamu. "Kaka yangu, kwa moyo huu utazeeka. Anza kupanga uzee wako."

Mama, nililia. Sikutoa machozi mawili ya furaha. Nililia kwa sauti, kifua wazi, jeli bado ikinitiririka ubavuni, mpaka mtu wa chumba cha pili akachungulia. Daktari wa watu akachanganyikiwa. Akamtazama sista muuguzi, akanitazama mimi.

"Kaka, umenielewa? Nimekupa habari njema."

"Nimekuelewa, daktari."

"Sasa mbona..."

 Ningemwambiaje kwamba kufa nimejifunza tangu nikiwa mdogo, lakini kuzeeka hakuna aliyewahi kunifundisha? Nina miaka arobaini na moja. Sina mke, sina mtoto, sina hata mti nilioupanda mimi. Yule binti wa Magomeni niliyekutajia mara moja, nilimwambia sitaki kumwacha mjane. Akanijibu, "Mbona unaniacha sasa hivi, ukiwa hai?" Nikaona haelewi. Leo ana watoto watatu, na mimi ndiye niliyekuwa sielewi.

Sista, mama mtu mzima mwenye miwani, alivuta kiti akakaa karibu yangu. Akamwambia daktari aende kwa mgonjwa mwingine. Akaniuliza kama nalala. Nikamwambia nalala sana. Kama nakula. Nikamwambia nakula nikikumbushwa. Halafu akauliza taratibu kama nimewahi kufikiri bora nisingekuwepo.

"Kujiua sijafikiri," nikasema. "Nafikiri tu kwamba nimekaa kupita muda wangu. Kama mgeni ambaye wenyeji wameshaanza kufagia."

Hakushtuka. Aliandika kitu, akasema, "Hata hilo linatibiwa. Nyinyi mliozaliwa na mioyo ya namna hii mkikua mnatuletea vifua tuvipime, tunavipima, tunawaruhusu. Wengi mnarudi nyumbani na mzigo ambao mashine haiuoni." Akaniandikia karatasi ya kwenda kuonana na mshauri, mwanasaikolojia, jengo la pili.

Karatasi ile nilikaa nayo mfukoni wiki nzima. Nitakwambia ukweli, niliona aibu. Kichwani niliwasikia watu wa kwetu wakisema mtoto wa Mama Aminieli moyo ulipona, sasa imeharibika akili. Hadija ndiye aliyeiona nilipokuwa natafuta chaki. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. "Cherehani ikikwama unaipiga teke au unamwita fundi?" Siku iliyofuata nilikwenda.

Mshauri ni mwanamke wa makamo, ana sauti ya chini. Chumba chake ni kidogo na dirisha lake halina pazia, jambo lililonisumbua mwanzo mpaka mwisho. Nilitegemea aniulize habari za ugonjwa. Akaniuliza, "Ulipokuwa mtoto, ulitaka ukikua uwe nani?"

Mama, nilitafuta. Nilirudi nyuma kabisa. Nilijiona nachuchumaa njiani kwenda shule, midomo ya zambarau, nasubiri pumzi irudi, na Aminieli amesimama juu yangu na madaftari ya watu wawili. Niliona siku mliponirudisha kutoka ng'ambo, kanisa zima uwanjani kwetu, watu wakinigusa kifua kama wanagusa mtoto mchanga. Niliona miaka yote baada ya hapo, nisivyotumwa majani ya ng'ombe, nisivyochapwa shuleni, nisivyogombezwa hata nilipovunja taa ya baba. Lakini sikuona mtu yeyote akiniuliza swali lile. Mdogo wangu Godlisten aliulizwa, alitaka kuwa rubani. Mimi niliulizwa kama nasikia baridi.

"Nilitaka niwepo tu," nikamjibu.

 Baada ya hapo ndipo nikamsimulia jambo ambalo sikujua kama bado ninalo.

Unakumbuka siku baba alipogawa kihamba, lile shamba letu la migomba? Nilikuwa na miaka kumi na saba, Godlisten kumi na minne. Asubuhi kulikuwa na ukungu, mkaniambia nikae barazani na blanketi. Nikawaona wanashuka migombani, baba mbele, Aminieli na Godlisten nyuma wamebeba miche ya masale ya kuwekea mpaka. Walikuwa wakizama kwenye ule weupe na kuibuka, sauti zao zinakuja zinapotea. Baba akipima kwa hatua, akisimama, akichimba, akipanda sale. Kipande cha Aminieli upande wa mfereji. Kipande cha Godlisten upande wa barabara. Nikangoja niitwe. Wewe ulitoka jikoni ukaniletea uji. Ukanitazama, ukatazama kule chini, ukarudi ndani. Waliporudi juu nyumbani, baba aliniuliza kama uji ulikuwa wa moto.

Sikukasirika, mama. Hicho ndicho kilichomfanya mshauri aache kuandika. Nilimwambia sikukasirika hata kidogo. Niliona ndivyo dunia ilivyo, kwamba ardhi ni ya wanaobaki.

Tafadhali usilie ukifika hapa, au lia kisha uendelee. Siwalaumu. Madaktari wa wakati ule waliwaambia nisipofanyiwa upasuaji sifiki miaka kumi, na nikifanyiwa, waone Mungu atakavyojalia. Hakuna aliyerudi baadaye kuwaambia imekuwaje. Mlinipenda kama watu wanavyompenda msafiri, chakula kizuri, sauti ya chini, na hakuna anayempa kazi. Mlikaa matanga ya mtu aliyekuwa mezani pamoja nanyi, na baba akafariki bado akiwa matangani. Hilo linaniuma kuliko habari ya shamba.

Nimekuwa nikienda kwa mshauri kila Alhamisi. Daktari mwingine alinipa na vidonge, akahakikisha havigombani na moyo. Mwanzoni sikuona tofauti. Halafu siku moja, kama wiki ya tano, nilikuwa nakata kitambaa cha kijani nikasikia harufu ya samaki wa kukaanga kutoka mtaani nikataka kula. Nilishuka ghorofa zote tatu kumfuata muuzaji. Hadija alinitazama nikila kwa mikono miwili, akageuka upande wa dirisha asinione.

Kwenye korido ile ya kliniki nimempata pia rafiki. Anaitwa Bi Mwanaisha, anakaanga samaki kule Feri, mama wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye maneno. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, akazibwa akiwa mkubwa. Tulikuwa tumekaa benchi moja akaniuliza kama kunihoji, "Wewe kwenu walikupa miaka mingapi?"

"Kumi. Halafu ishirini."

"Mimi saba. Shangazi yangu akaninunulia sanda kabisa, akaiweka sandukuni. Kila Idi analitoa sanduku kuianika." Akacheka mpaka akashika ubavu. "Yeye ametangulia. Sanda imeliwa na mende."

Nilicheka naye, mama, na watu wa foleni wakatugeukia. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Lakini mpaka leo nikinunua sufuria najiuliza ni ya nini." Nikamshika mkono mpaka alipoitwa. 

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike leo. Mshauri alinipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. Nifikirie jambo moja nitakalolifanya nikiwa na miaka hamsini, na nimtajie. Wiki ya kwanza nilikwenda mikono mitupu. Ya pili vilevile. Ya tatu, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jengo letu wakati wa chakula cha mchana, nilimpigia Aminieli. Sikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia tu, "Kaka, nataka kulima nyumbani. Nataka unitafutie mahali."

 Nikasikia kuku, nikasikia maji ya mfereji.

"Mahali pako papo," akasema.

"Wapi?"

"Katikati. Kati yangu na Godlisten. Kile kipande alichokiruka baba hakumpa mtu. Aliniambia nisipaguse wala nisikuguse wewe kwa habari hiyo, isije ikakuumiza. Mimi nakata majani ya ng'ombe tu. Sijawahi kupalima kama pangu."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningeanzaje, Eli? Ningekwambia pako papo, ungeuliza kwa nini hukuitwa siku ile. Nami ningekujibu nini?"

Nilikaa na simu sikioni. Watu wanapanda na kushuka ngazi na marobota mgongoni, wananipita kushoto na kulia. Nilidhani ameshakata, kumbe yupo, anapumua.

"Njoo Desemba," akasema. "Lakini mimi sikulimii. Uje na jembe lako."

"Na nikichoka?"

"Utakaa. Ukishapumzika utaendelea. Kwani mimi nikichoka huwa nafanyaje?"

Mama, sijui kama utaelewa jinsi nilivyofurahi. Maishani mwangu mwote hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kunijibu kwa ukali. Nilirudi juu nikamsimulia Hadija. Akasema, "Huyo ndiyo kaka," akaendelea kupiga pindo.

Alhamisi nilimpelekea mshauri jibu, na pia nikamshonea pazia la lile dirisha lake. Alikataa kwanza, halafu akakubali.

Sitaki udhani yameisha. Bado kuna asubuhi ambazo ule weupe unashuka na kutwa nzima natembea ndani yake. Tofauti ni kwamba sasa najua unaitwa sonona, na najua nani wa kumwambia. Kliniki nitakwenda kila mwaka, kweli siyo kwa maneno. Wewe nakuomba mambo mawili tu. Usimwambie mtu yeyote kwamba Elinami amepatwa na mambo ya akili kwa sauti ile ya kunong'ona. Ukitaka kusema, sema wazi, huenda yupo mwingine kijijini anayesikiliza. La pili, Desemba ushuke nasi migombani siku moja, hata kama kwa mkongojo, utuoneshe mahali hatua za baba zilipoishia, maana Aminieli anasema wewe ndiye uliyekuwa ukimuuliza baba jioni kipande changu kinaanzia wapi. Masale nitayapanda mwenyewe. Ndani yake sijaamua nitapanda nini. Nimekuwa nikiwaza kahawa, halafu parachichi, halafu nageuza tena kahawa. Wiki nzima imeishia humo, na imekuwa wiki nzuri.

Msalimie shemeji, mke wa Aminieli, na wanawe wote. Mpe pole shangazi kwa msiba wa jirani yake. Godlisten akipiga simu kutoka Arusha mwambie anitafute, tuna mpaka wa kuzungumza. Mama mchungaji mwambie sijambo, na kwamba kanisa ninalosali huku lina kwaya nzuri kuliko yetu, akasirike kidogo. Hadija anakusalimu, anasema atakushonea pazia la sebuleni, nami nimemwambia vipimo nitachukua mwenyewe. Na kaka Aminieli mwambie mikono yangu ni laini kama ya karani, kwa hiyo siku ya kwanza asinicheke mbele ya watoto.

Kaa na amani, mama.

Mimi mwanao wa katikati,
Elinami